Kuzuru mabaki ya ndege milimani Bleaklow: jibu kwa msomaji wa Manchester

Msomaji anayeishi Manchester, mzaliwa wa Machakos, ameuliza hivi. Wenzake kazini wamemwonyesha picha za ndege kubwa ya kivita iliyosambaa juu ya mlima wa Bleaklow, katika milima ya Peak District mashariki ya Manchester, na tangu hapo kijana wake wa miaka 12 hana habari nyingine. Babu yake mama huyu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) aliyepelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo vita ile nyumbani kwao si hadithi ya watu wengine. Anataka kujua kama safari inawezekana bila gari na bila kiongozi, kama ni adabu kwenda kutazama mahali watu walipofia, na kama kijana anaweza kurudi na kipande kidogo cha kumbukumbu.

La mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ni fupi: hapana, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Sababu zinakuja.

Sasa dada yangu, tuanze na ndege yenyewe, maana picha hizo zimewapotosha wengi. Ile ni B-29 Superfortress, aina ileile iliyobeba mabomu ya atomiki hadi Hiroshima na Nagasaki, lakini haikuanguka vitani. Ilianguka tarehe 3 Novemba 1948, miaka mitatu baada ya vita kwisha. Ilikuwa ndege ya kupigia picha, imepewa jina Over Exposed, na mwaka 1946 ilikuwa miongoni mwa ndege zilizopiga picha majaribio ya atomiki ya Wamarekani kwenye visiwa vya Bikini. Siku ilipoanguka ilikuwa na kazi ya kawaida kabisa: kutoka uwanja wa Scampton, karibu na Lincoln, kwenda kambi ya Wamarekani ya Burtonwood, karibu na Warrington, ikiwa na barua na fedha za mishahara. Safari ya hewani isiyofika nusu saa. Ndani walikuwamo watu 13, na hakuna aliyetoka hai.

Kilichowaua ndicho ninachotaka ukielewe vizuri, kwa sababu ndicho kitakachokusumbua wewe na kijana wako kuliko kitu kingine chochote juu ya mlima ule. Ni wingu.

Watu husikia "ndege ya kivita imeanguka" wakadhani ilipigwa risasi. Katika milima ya Peak District kuna mabaki ya ndege zaidi ya 50, na nyingi kati yake hazikuguswa na adui. Zilikuwa kwenye mazoezi, au zinahamishwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, au zimepotea njia zikirudi. Marubani wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Siku ya mawingu, rubani hakuona ardhi. Alijua aliko kwa hesabu tu. Nimeruka kwa mwendo huu, kwa dakika hizi, kuelekea huku, basi niko hapa. Hesabu hiyo ni nzuri mpaka upepo uingilie. Upepo wa mbele ukikupunguzia mwendo bila wewe kujua, saa yako itakwambia milima imebaki nyuma wakati bado iko chini ya bawa lako. Kipimo cha kimo nacho kilitegemea kanieneo ya hewa: kikikosewa kwa milibari 10, ndege inakuwa karibu mita 80 au 90 chini ya pale mshale unapoonyesha. Weka makosa hayo mawili pamoja, kisha rubani aamue kushuka chini ya wingu ili aone ardhi na kujihakikishia. Hapo ndipo mlima unapotokea.

Inaaminika ndivyo ilivyokuwa kwa B-29. Waliamini wameshavuka, wakashuka, wakagonga karibu na kilele cha Higher Shelf Stones, mita 621 tu kutoka usawa wa bahari. Kilele hicho kiko ukingoni kabisa mwa milima upande wa magharibi. Kilomita chache mbele ardhi inateremka hadi mji wa Glossop, na kutoka hapo ni tambarare mpaka Burtonwood.

Mtu wa kwetu akisikia mita 621 hucheka. Stendi ya mabasi ya Moshi iko juu zaidi ya hapo, na Machakos kwenu ndiyo usiseme. Cheka, lakini usivae viatu vya mjini. Bleaklow haina kilele cha kuelekea wala bonde la kukuelekeza. Juu ni uwanda mpana wa udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji, uliokatwakatwa na mifereji ambayo mingine inamzidi mtu mzima urefu. Ukiingia kwenye mfereji huoni kitu ila kuta za udongo. Ukitoka umegeuka, na mfereji unaofuata unafanana na ule uliotoka. Siku ya jua hiyo ni michezo ya watoto. Wingu likishuka, na hushuka kwa dakika chache, unabaki na hesabu yako tu kama walivyobaki wale marubani, na wengi wetu hatuna hata hesabu. Simu itakusaidia mpaka baridi iinyonye betri au mtandao ukatike, na kule hukatika.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la kwanza lina sharti. Inawezekana bila gari na bila kiongozi, ikiwa mmoja wenu anajua kusoma ramani na dira. Si kuwa nayo, kuisoma. Ramani inayotakiwa ni Ordnance Survey Explorer OL1, na uifanyie mazoezi kwenye vilima rahisi kabla. Kama hakuna anayejua, tafuta kikundi cha watembea milimani. Manchester vimejaa, na wanapokea wageni.

Jambo moja kuhusu dira ambalo watu hawaambiwi. Alumini ya bawa haiivuti sindano, lakini injini na miguu ya magurudumu ina chuma cha kutosha. Ukisimama kando ya injini ya B-29 ukaweka dira juu yake kutafuta njia ya kurudi, sindano itayumba na kukupa mwelekeo wa uongo. Ondoka hatua kadhaa, acha itulie, ndipo uisome. Kwa kijana wa miaka 12 hilo ni jaribio zuri. Mwache aone sindano ikigeuka anapoisogeza karibu.

Njia ya wenye magari ni kuanzia juu kabisa ya barabara ya Snake Pass, A57, na kufuata Pennine Way, njia ndefu ya watembea kwa miguu, kuelekea kaskazini. Mwanzo wake ni rahisi, njia imetandikwa mawe bapa. Baada ya kijito cha Hern Clough unaiacha Pennine Way na kushika magharibi kuelekea Higher Shelf Stones, na hapo ndipo njia inapoanza kuwa ya kubahatisha. Mabaki yako mita mia chache kutoka kwenye nguzo ya wapima ramani. Ninyi msio na gari, pandeni treni kutoka Manchester Piccadilly hadi Glossop, safari ya nusu saa hivi, tembeeni hadi Old Glossop, mkafuate njia ya kale iitwayo Doctor's Gate inayopanda pole pole kando ya kijito mpaka ikutane na Pennine Way. Kwenda na kurudi ni kilomita 15 na zaidi, siku nzima kwa mtoto. Mei hadi Septemba, basi. Novemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni, na sipeleki mtu.

Baridi ya Bleaklow haihitaji theluji. Mvua na upepo vinatosha kuushusha mwili joto hata mwezi wa Julai, na mtoto hupoa upesi kuliko wewe. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki, iache nyumbani. Koti la mvua la kweli, sweta ya akiba, chai ya moto kwenye themosi, tochi hata kama unadhani mtarudi mchana. Ukiona kijana amenyamaza ghafla, anajikwaa, anakujibu ovyo, usimwambie ajikaze. Mkinge na upepo, mvike, mpe kitu kitamu, mgeuze arudi. Mkipotea au akiumia, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Hawa ni watu wa kujitolea na hawatozi senti. Waliofika kwanza kwenye B-29 mwaka ule walikuwa pia waokoaji wa milimani, kikosi cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kutoka Harpur Hill karibu na Buxton. Walikuta moto bado unawaka.

Sasa ushauri ambao hukuuomba: usianze na B-29.

Anza na Mill Hill, kilima cha jirani. Tarehe 11 Oktoba 1944, vita vikiwa vimepamba moto, ndege ya Kimarekani ya B-24 Liberator iliondoka Burtonwood kupelekwa kwenye kambi ya Hardwick huko Norfolk. Ilikuwa na watu wawili tu, rubani na fundi wa injini. Wingu lilelile, kosa lilelile. Liberator ilijilaza kwenye nyasi za mlima, ikavunjikavunjika, na wote wawili wakatoka hai. Kwa mtoto, tofauti hii ni kubwa. Anaweza kutazama vipande, kuuliza jinsi bawa linavyobeba mafuta, kushangaa kwa nini chuma kingine kimeoza na kingine hakijaoza, bila uzito wa watu 13 kichwani mwake. Mabaki yako kwenye mteremko wa magharibi wa Mill Hill, karibu na njia inayotoka Burnt Hill, na njia hiyo inaonekana wazi kuliko ile ya Bleaklow. Kuna mabasi kati ya Glossop na Hayfield. Tazama ratiba ya siku hiyo, hasa Jumapili.

Na kwa sababu ya babu yako kuna mahali pengine ambapo wenzako kazini huenda hawakukutajia. Upande wa magharibi wa Higher Shelf Stones, kwenye miteremko ya James's Thorn, kuna mabaki ya ndege mbili karibukaribu. Moja ni Lancaster ya kikosi cha 408 cha Canada, iliyoanguka tarehe 18 Mei 1945, siku kumi baada ya Ujerumani kusalimu amri, na kuua vijana sita. Nyingine ni C-47 ya Wamarekani, ile ambayo Waingereza waliita Dakota, iliyoanguka tarehe 24 Julai mwaka huohuo ikielekea Scotland, ikiwa na watu saba.

Hiyo Dakota ndiyo yako. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya Burma. Barabara ziligeuka matope, malori yakazama, na chakula, risasi na dawa vikawa vinaangushwa kutoka angani. Kazi hiyo ya kulisha majeshi ya Burma kutoka juu ilibebwa zaidi na Dakota. Askari walisikia injini juu ya mawingu na kungoja miavuli. Mwanzoni mwa Desemba divisheni ikawa imefika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Kama babu yako alikuwa Kabaw, basi alikula chakula kilichodondoshwa na ndege za aina hii, na marubani wake walipambana na wingu na milima kama hawa wa Bleaklow, ila milima yao ilikuwa mirefu mara kadhaa na msitu wake ulimeza ndege nzima. Vipande vya James's Thorn si vingi wala havipendezi kwenye picha. Mimi ningempeleka mtoto huko kabla ya B-29, lakini akishakuwa na miguu ya milimani, maana ni mteremko mkali.

Turudi kwenye kuokota. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inalinda kila ndege iliyoanguka ikiwa kwenye utumishi wa jeshi, iwe ya Waingereza, ya Wamarekani au ya Wajerumani, iwe kulikuwa na maiti au hapakuwa. Kugusa ili kusogeza, kufukua, kuchukua, yote ni kosa bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Nimeshasikia kila udhuru: "ni kipande tu", "kingeoza", "wengine wameshachukua". Ndiyo, wamechukua, na ndiyo maana sehemu nyingi leo zimebaki na misumari ya bati na matope. Miaka ya 1970 mtu mmoja alikuta kwenye udongo wa B-29 pete ya ndoa ya rubani. Fikiria mtu asiye mwaminifu angekuwa ndiye aliyeinama siku ile.

Kuna na sababu ya afya. Saa na vipimo vya ndege za wakati ule vilipakwa rangi yenye radiamu ili vionekane gizani, na radiamu haijaisha nguvu. Ile iliyotumika hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kingo za alumini iliyopasuka hukata kama kiwembe. Na kwenye baadhi ya ndege risasi zilibaki. Kitu chochote kirefu cha shaba kinachotokeza kwenye mboji kiache kama kilivyo, piga picha, uwaarifu polisi.

Mkifika kwenye B-29 yenyewe, wakati wenu ukifika, mtaiona kabla ya kuitambua. Rangi ya kijivu inayong'aa katikati ya udongo mweusi. Injini zote nne zipo. Mwonyeshe kijana silinda: ziko 18 kwa kila injini, zimepangwa kwa safu mbili kuzunguka mhimili, na mapezi ya kupozea bado unaweza kuyahesabu kwa macho. Zimelala huku zikizama kidogo kidogo. Pembeni kuna miguu ya magurudumu, minene kuliko paja la mtu, na mabati ya bawa ambayo misumari yake imekaa kwa mstari ulionyooka utafikiri imegongwa jana, wakati bati linaloizunguka limeanza kuumuka na kutoa unga mweupe.

Kuhusu adabu: hakuna kaburi pale, miili iliondolewa yote. Lakini ni mahali pa mauti, na wewe unajua jinsi tunavyoingia mahali kama hapo. Sauti chini, kofia mkononi kama una mazoea hayo, dua au sala kwa imani yako. Kuna bamba la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1988. Lisomeni pamoja. Kijana asipande juu ya injini kupigwa picha, hata akiona wengine wamepanda, na atawaona. Wageni wengi huacha misalaba midogo ya mbao na maua mekundu ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Moyo ni mzuri, lakini maua mengi ni ya plastiki, yamepauka na kupeperushwa hadi kwenye vijito, na mimi binafsi sipendi. Ukitaka kuacha kitu, acha maneno.

Haki ya kutembea kule mnayo bila kuomba mtu, kwa sheria ya mwaka 2000 inayofungua nyanda za juu kwa watembeaji. Haikutoka mbinguni: mwaka 1932 vijana wafanyakazi wa Manchester walipanda Kinder Scout, mlima wa jirani, kwa nguvu, na watano wakafungwa. Sharti ni kutowasha moto wa aina yoyote, maana mboji kavu huwaka chini kwa chini kwa siku nyingi, na kutowasumbua ndege wanaotaga ardhini majira ya kuchipua.

Uliuliza pia kwa kupitia kama nyumbani yako mabaki ya namna hii. Yapo, ingawa lile ninaloulizwa mara nyingi si la vita: mwaka 1955 Dakota ya East African Airways ilijibamiza Kilimanjaro upande wa Mawenzi ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, wakafa watu 20. Huko huendi peke yako. Ni hifadhi, unaingia kwa kibali na waongozaji.

Siku ya safari, tazama utabiri wa milimani wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, jana yake usiku na tena asubuhi, usome mstari unaosema wingu litakaa kwenye kimo gani. Likiwa chini ya mita 600, mpango wa Bleaklow umekufa, na Mill Hill nayo, yenye mita 544, ina mashaka. Na mkishuka Glossop mkakuta vilima vimefunikwa, hata kama utabiri uliahidi jua, msipande. Nunueni chipsi, mwonyeshe kijana ramani mezani, mrudi na treni inayofuata. Jumamosi nyingine ipo.